Nimepakia Makala ya Bosi Mtandaoni, na Masengenyo Yetu Yamo Ndani

Mshauri wetu mpendwa, pokea salamu zangu na uniwie radhi kwa mwandiko, nakuandikia kwa kalamu kwa sababu niliyoyaandika kwa kompyuta ndiyo yaliyonifikisha hapa nilipo, na nakuomba kwa hisani yako unijibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, maana ikipita Ijumaa hiyo hata usihangaike, utakuwa unamshauri marehemu.

Mimi ni mkutubi wa kituo kimoja cha utafiti wa mifugo, maktaba yangu ni chumba chenye rafu sita, kompyuta mbili na feni moja inayozunguka ikijisikia, na kazi yangu kubwa wala si vitabu, ni kuwatafutia watu makala za utafiti bila malipo, kwa sababu majarida makubwa yamefunga milango, unataka kusoma kurasa nane tu yanakwambia lipa kwanza, na kituo chetu hakina fungu hilo. Katika kazi hiyo, mshauri, sijisifu lakini mimi ni moto. Unaniletea jina la makala, nalichukua lote zima nalifunga ndani ya alama za kunukuu, nalitupia kwenye injini ya kutafutia, nikikuta ukurasa wa jarida unadai malipo sigombani nao, natazama pale chini palipoandikwa matoleo yote, nabonyeza, na mara nyingi nakuta mwandishi mwenyewe ameiweka nakala yake bure kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo chake, ile aliyoiandika kabla jarida halijaipamba, maneno yaleyale ila haina urembo, na hilo ni halali kabisa, majarida mengi yanaruhusu. Nikikosa hapo naongeza jina la mwandishi na neno pidiefu, nikikosa tena namwandikia mwandishi barua pepe ya adabu, na wengi wanajibu siku hiyohiyo kwa furaha utadhani hakuna mtu aliyewahi kuwauliza habari zao.

Sasa bosi wangu. Huyu ni mzee wa heshima zake, mkurugenzi, amebakiza siku chache astaafu, na kwa kweli kwangu mimi ni baba, nilikuja pale nikiwa mpiga chapa wa muda, yeye ndiye aliyenipeleka nikasomee ukutubi, na mama yangu alipolazwa aliniendesha kwa gari lake hadi hospitali akakaa nami kwenye benchi kutwa nzima bila kutazama saa, kwa hiyo usifikiri namchukia, simchukii hata kidogo. Ila ana neno lake, akianza kuandika kila aya anaanza na "ni dhahiri kwamba", na kwa sababu hiyo mimi na rafiki yangu fundi wa maabara, ambaye tunamwita Darubini, tukampa jina la Bwana Dhahiri, kwa siri lakini.

Mwaka juzi mzee akaandika makala yake kubwa kuhusu dawa ya minyoo ya mbuzi, na mimi na Darubini ndio tuliopewa kazi ya kuipitia rasimu, mimi lugha na marejeo, yeye takwimu, na ndio hao hao tuliozunguka kwenye mazizi miezi kumi na minne kupima mbuzi kwa mzani wa kuning'iniza, nimepigwa teke na mbuzi mpaka leo goti likiona baridi linanikumbusha. Tukafika ukurasa wa mwisho wa shukrani, mshauri, tukasoma, tukasoma tena, amemshukuru mfadhili, amemshukuru mke wake, amemshukuru dereva, amewashukuru na mbuzi kwa uvumilivu wao, nakuapia, sisi hatumo. Hapo ndipo moyo ukaniuma, na badala ya kwenda kumwambia tukafungua ile sehemu ya maoni ya pembeni kwenye kompyuta, tukaanza kuandikiana humo.

Nitakuonjesha machache tu ili ujue ukubwa wa balaa. Pale alipoandika ni dhahiri kwamba matokeo haya hayana mfano, mimi pembeni nikaandika "dhahiri kwa nani, nimesoma mara tatu sijaona kitu." Pale alipoandika watafiti walitembea bila kuchoka kutoka zizi hadi zizi, Darubini akaandika "watafiti ni sisi, yeye alibaki garini kwa sababu ya viatu vipya," nami nikamjibu "na dirisha alipandisha." Na pale kwenye shukrani nikaandika "labda mbuzi ndio waliomhaririria," halafu Darubini akaweka kile kikatuni cha kucheka hadi machozi, mara nne. Yako maoni ishirini na matatu kwa jumla, mengine ni ya nukta na herufi tu, hayana maana. Tulipomaliza kucheka tukahifadhi faili, tukatengeneza nyingine safi, nikabonyeza mara moja tu futa maoni yote, ile safi ikaenda kwenye jarida, ikakubaliwa, ikachapwa, mzee akapewa jarida lake akalifunga kwa ngozi, na mambo yakaisha.

Hayakuisha. Mwaka jana ikaja amri kwamba kila kituo kiweke makala zake kwenye hifadhi yake ya mtandaoni ili watu wasome bure, jarida linaruhusu nakala ya mwandishi, na nani wa kuipakia kama si mimi, mtaalamu. Kwenye kompyuta kulikuwa na faili moja inaitwa MWISHO KABISA na nyingine inaitwa MWISHO KABISA HASWA, na siku hiyo kulikuwa na wageni, mzee ananiita, simu inalia, mimi nikapakia. Mshauri, umeshaelewa.

Miezi tisa sikujua chochote. Nilichojua ni kwamba makala yetu inapakuliwa kama njugu, mia moja, mia tatu, mia saba, na mzee akawa kila asubuhi kabla hata hajaweka mkoba wake anachungulia mlangoni kwangu, "binti yangu, tumefika ngapi leo?" nami namtajia idadi, naye anatikisa kichwa, "unaona? Ni dhahiri kwamba dunia ilikuwa inaisubiri." Kuifungua hiyo ya mtandaoni yeye hajawahi, anasoma ile yake ya ngozi. Sasa wiki mbili zilizopita ikaja barua pepe kutoka kwa mwanafunzi wa chuo fulani cha mbali nisichokijua, ananiandikia kwa heshima zote, "Samahani mkutubi, nimesoma makala yenu darasani tukacheka sana, tungependa kujua, vile viatu vilikuwa vya rangi gani?"

Nilikaa chini sakafuni. Si kwenye kiti, sakafuni. Darubini alinikuta hapo akadhani nimeanguka.

Kuiondoa nimejaribu, hifadhi inataka fomu, fomu inataka saini ya mwandishi wa kwanza na sababu ya kuondoa, mwandishi wa kwanza ni mzee mwenyewe, na hata nikiiondoa kwetu, tovuti nyingine tatu zimeshaikusanya na kuiweka kwao, ndivyo mambo haya yanavyofanya kazi, nilikuwa nasifia kwamba makala ya bure haipotei, kumbe kweli haipotei. Na sasa Ijumaa ijayo ndiyo sherehe ya kumuaga, ukumbi mzima, wakubwa kutoka wizarani, mke wake, wajukuu wake, na mzee ameamua kwa kinywa chake kwamba mimi nitasimama mbele na projekta, niandike jina la makala kwenye injini ya kutafutia, niwaonyeshe watu hatua kwa hatua jinsi ya kuipata bure, halafu niifungue ukutani, ukubwa wa shuka. Na siku hiyohiyo atatangaza kwamba amenipendekeza niwe mkuu wa maktaba za vituo vyote.

Darubini anasema ataing'oa fyuzi ya ukumbi. Mimi nafikiria kumchomekea mzee ile fomu katikati ya karatasi nyingine za kusaini, anasaini bila kusoma, halafu nipakie ile safi juu ya hii kimyakimya, wala hakuna atakayejua. Au niumwe. Tafadhali nishauri lipi kati ya haya lina dhambi ndogo, kwa sababu nampenda yule mzee, sitaki aondoke amevunjika moyo, na mimi pia sitaki kurudi kupiga chapa za watu.

Jina la makala sitalitaja, utanisamehe, naogopa.

Ni mimi,
Mwenye Faili

MSHAURI ANAJIBU

Wewe Mwenye Faili, kwanza kaa kwenye kiti. Sakafu haijawahi kumsaidia mtu.

Nitakuanzia kwa kukupongeza, kwa sababu umefanya jambo ambalo wasomaji wangu wachache wameliweza: umenifundisha kazi yako kwenye barua moja nikaielewa. Umeninyima jina la makala, sawa, lakini umenipa maneno ya pembeni neno kwa neno, hata lile la dirisha. Nikachukua "yeye alibaki garini kwa sababu ya viatu vipya", nikayafunga ndani ya alama za kunukuu kama ulivyoelekeza, nikayatupia kwenye injini ya kutafutia. Sikumaliza hata kuvuta pumzi. Ikaja, kurasa kumi na nne, bure kabisa, na mwanafunzi wa mbali hakudanganya, inachekesha. Nimecheka peke yangu mezani mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Naye akasoma. Naye akacheka.

Halafu nikafika maoni ya kumi na saba, nikaacha kucheka.

Hukuniambia habari za hayo, wewe mtoto. Uliniambia mengine ni ya nukta na herufi, hayana maana. Ngoja niwasomee wasomaji wangu, maana na wao wana haki. Pembeni ya jedwali la tatu, lile linaloonyesha mbuzi wa uzito gani anyweshwe dawa kiasi gani, wewe mwenyewe umeandika: "Mistari ya hapa imepanda ngazi moja. Kitoto cha kilo tano kinapewa dawa ya kilo kumi, na beberu mkubwa kuliko wote hana kipimo kabisa, labda Bwana Dhahiri anamwogopa. Tumwambie?" Na huyo Darubini wako akajibu: "Mwache ajue mwenyewe, leo kaamka vibaya."

Mwache ajue mwenyewe! Halafu ukabonyeza futa maoni yote. Mara moja tu, umesema, tena kwa fahari.

Mimi sijui mbuzi. Nilichojua ni kuwauliza wanaojua, kwa hiyo nikampigia shemeji yangu, daktari wa mifugo, mtu ambaye tangu aoe kwetu hajawahi kupokea simu yangu bila utani.

"Mke wangu mdogo! Umemchoka huyo bwana, nije nikuchukue?"

"Leo acha. Una nafasi? Nataka unisomee jedwali la makala moja ya mbuzi." Nikamtajia jina.

"Ah, hiyo ninayo kwenye simu. Ndiyo inayotoka ya kwanza nikitafuta, tena ya bure. Ile ya jarida wanataka nilipe, nitalipa na nini? Hilo jedwali nimelipiga picha, nimewatumia wafugaji kwenye kundi letu."

"Wako wangapi humo?"

"Sitini na kitu."

"Sasa soma maoni ya pembeni, ya kumi na saba."

"Maoni gani? Kwenye simu yangu mimi naona makala tu, maoni hayaonekani."

Basi nikamsomea mimi. Nikasikia kiti kinaburutwa na karatasi zinafunuliwa, na anapiga hesabu kwa sauti ya chini, kilo tano, kilo kumi, kilo kumi na tano. Kisha akasema, "Shemeji," na safari hii hakuniita mke wake, "kuna mama mmoja wiki iliyopita vitoto vyake viwili viliyumba kutwa nzima baada ya kunyweshwa. Vimepona. Lakini nilimgombeza yule mama mbele ya watu. Nilimwambia hajui kupima."

Alitaka kukata simu akamtafute yule mama amwombe radhi, na awaandikie wale sitini. Nikamwomba kwanza anisaidie jambo moja, amtafute rafiki yake aliye na jarida lenyewe la kulipia atazame jedwali. Akanijibu baada ya saa moja. Kosa ni lilelile, mistari imepanda vilevile, ila huko pembeni ni peupe, hakuna mtu wa kumwonya msomaji.

Sasa unaelewa ulichokuwa unaniomba? Ulitaka nikubariki uibe saini ya mzee, uondoe faili lenye maoni, uweke lile safi juu yake kimyakimya. Ungekuwa umefuta onyo ukaacha kosa. Mwenye Faili, hilo faili lako la aibu, pamoja na viatu na dirisha na kikatuni mara nne, ndilo pekee duniani linalosema ukweli kuhusu jedwali la tatu. Umepakia toleo bora kwa bahati mbaya, na sasa unataka kulibadilisha na baya kwa makusudi.

Nimekasirika, nakiri. Nimekasirika kwa sababu una akili. Mtu asiyejua kusoma jedwali ningemhurumia tu. Wewe uliliona kosa siku ya kwanza, ukalieleza vizuri kwa sentensi mbili, ukatia na mzaha wa beberu juu yake, kisha ukalizika kwa sababu ulikuwa umenuna.

Na kununa kwako nakuelewa, usifikiri mimi ni jiwe. Miezi kumi na minne, mzani begani, teke la goti, halafu mtu anawashukuru mbuzi na wewe humo? Ningenuna pia. Ningenuna mpaka watu wa nyumbani wajue. Mzee wako alikukosea, tena kukaa nawe kwenye benchi la hospitali hakulifuti hilo. Watu wema wanasahau majina ya watu waliowafanyia kazi, tena ndio wanaosahau zaidi, kwa sababu wanadhani wema wao umeshawalipia. Ulikuwa na haki ya kwenda kwake siku ile ile ukamwambia, "Mzee, ukurasa wa shukrani umetusahau." Ingekuchukua dakika moja na aibu kidogo. Badala yake mkamlipiza pembeni, mahali ambapo hangeona, na malipo yakawaangukia vitoto vya mama wa watu.

Haya, tuache kelele tufanye kazi. Gazeti hili linatoka Jumatatu, una siku nne.

Darubini aiache fyuzi ilipo. Umeme ukikatika watu watatoa simu zao mifukoni, kila mmoja ataandika jina la makala, na badala ya ukuta mmoja utakuwa na kuta mia. Na kuumwa usiumwe. Ukiumwa, projekta atapewa mtu mwingine ambaye hajui kilichomo, naye ataifungua kwa tabasamu.

Leo hii, kabla ya chai, chapisha ukurasa wa jedwali la tatu, uchapishe pia ile karatasi ya vipimo vya mwanzo mliyoandika mazizini, maana najua mkutubi kama wewe hajaitupa. Ziweke sambamba mbele ya mzee. Usianze na samahani. Ukianza na samahani na machozi, atakufariji, ni tabia yake, umeniambia mwenyewe, na mtakunywa chai na jedwali litabaki vilevile. Anza na kosa. Mwonyeshe mstari kwa mstari, nyamaza, mwache asome. Ni mtafiti, atajua.

Akishajua, ndipo umwambie jinsi ulivyojua, na tangu lini. Hapo ndipo penye uchungu na hapo siwezi kukusaidia. Mwambie yote: rasimu, maoni, faili mbili, yale majina. Umpe asome maoni yote ishirini na matatu yeye mwenyewe, kwa macho yake, mlango ukiwa umefungwa, kabla mtu mwingine hajamsomea. Atakasirika. Pengine atakufukuza ofisini, uende, ukae maktabani kwako na feni yako, usubiri. Cheo cha mkuu wa maktaba kisahau kwa sasa. Akikupa, sawa, asipokupa, umejitakia.

Fomu ya kuondoa usimchomekee popote. Mpelekee mkononi, na pale kwenye sababu uandike sababu ya kweli: jedwali la tatu lina kosa la vipimo. Mwandikie mhariri wa jarida barua ya kusahihisha, mzee aisaini. Kisha upakie nakala mpya, jedwali limerekebishwa, na juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi ambazo hata mtu asiye na miwani atazisoma, muandike kwamba nakala zote za nyuma zina kosa na zisitumiwe. Zile tovuti tatu zilizoikusanya waandikie barua ya adabu kama unayowaandikia waandishi, umesema wengi wanajibu siku hiyohiyo. Na wapigie simu maafisa wa mifugo mnaowajua, mmoja mmoja, kwa mdomo. Watu wanaotafuta makala ya bure hawatafuti mara mbili. Wameipata, wameipiga picha, wamemaliza, kama shemeji yangu. Wewe ndiye uliyewafundisha kuamini kwamba kinachotoka cha kwanza bila malipo ni kitu kizima, kwa hiyo ni juu yako kiwe kizima.

Darubini aende nawe. Sitaki kusikia ana kazi maabara. "Mwache ajue mwenyewe" ni maneno yake, yameandikwa na saa na tarehe. Akikataa, mwambie kwamba mimi hapa nina nakala.

Kuhusu Ijumaa, akikubali mzee, simama mbele ya projekta kama ilivyopangwa. Andika jina la makala, bonyeza matoleo yote, uwaonyeshe ukumbi yale yenye kosa na lile lililosahihishwa, na jinsi ya kuyatofautisha. Wakubwa wa wizara hawajawahi kuonyeshwa jambo hilo, nakuhakikishia, wao hufungua cha kwanza kama watu wote. Na kama mzee ni yule uliyenieleza, mpe nafasi aseme yeye mwenyewe kwamba alikosea. Mtu anayestaafu akiwa amesahihisha kosa lake hadharani anaondoka mrefu kuliko alivyoingia. Akikataa kusema, usimlazimishe, na wewe usimtaje. Onyesha jedwali tu.

Unaniambia unampenda na hutaki aondoke amevunjika moyo. Mimi naona ulichoogopa ni kumtazama usoni. Makala hiyo imesomwa na mamia ya watu, nikiwemo mimi, mhariri wangu na darasa zima la chuo cha mbali. Wengi wetu tumesoma kosa lake pale pembeni, tukacheka, tukafunga kompyuta. Katika sisi wote ni mmoja tu ambaye hajaambiwa, naye ndiye mwenye jina juu ya ukurasa. Chapisha jedwali, mshike Darubini mkono, mwende mkamwambie.